Woka, kiti cha sponji au mkeka: tathmini ya vifaa vya mtoto njiti vinavyouzwa Mbeya

Ukipita kwenye maduka ya vitu vya watoto Mwanjelwa na Kabwe, au ukichambua mitumba ya vifaa vya watoto, utakuta karibu kila boksi lina namba: miezi 3+, miezi 6+, miezi 9+. Namba hiyo imepangwa kwa mtoto aliyetimiza wiki zake tumboni. Kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, inapotosha, na wazazi wengi hununua kifaa miezi miwili mitatu kabla ya wakati wake kisha wakaanza kuhofu kwamba mtoto ana tatizo. Tumevipitia vifaa vinavyouzwa zaidi hapa Mbeya tukiwa na swali moja: je, kinamsaidia njiti kukaza shingo, kukaa, kutambaa na kusimama dede, au kinamrudisha nyuma?

Kabla ya kutoa hela, fanya hesabu. Chukua kadi ya kliniki ya ujauzito na utafute tarehe ya matarajio ya kujifungua. Umri wa kupimia maendeleo ya njiti huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo, si siku aliyozaliwa. Wataalamu huuita umri uliorekebishwa. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 ametangulia kwa wiki 10. Siku anayotimiza miezi 6 tangu azaliwe, ambayo ni wiki 26, umri wake uliorekebishwa ni wiki 16, haujafika hata miezi 4. Boksi la "miezi 6+" litamhusu akishapita miezi 8 tangu kuzaliwa. Hesabu hii hutumika mpaka atimize miaka 2. Chanjo haziingii humo: za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinafuata siku ya kuzaliwa, njiti asicheleweshewe kwa sababu ni mdogo. Na kama tarehe ya hedhi ya mwisho haikumbukwi, kipimo cha ultrasound cha miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito ndicho cha kuaminika. Usikisie kwa uzito. Mtoto wa kilo 1.9 anaweza kuwa njiti wa wiki 33, au mtoto wa wiki 39 ambaye hakukua vizuri tumboni, na hao wawili hawahesabiwi sawa.

Weka pia akilini vipindi vya Shirika la Afya Duniani, maana ni vipana kuliko majirani wanavyodhani: kukaa bila kushikiliwa, miezi 3.8 hadi 9.2, kutambaa kwa mikono na magoti, 5.2 hadi 13.5, kusimama bila kushika kitu, 6.9 hadi 16.9, kutembea mwenyewe, 8.2 hadi 17.6. Kwa njiti soma kwa umri uliorekebishwa. Yule wa wiki 30 akianza kutembea akiwa na miezi 19 tangu azaliwe, bado yumo ndani ya kipindi.

Sasa vifaa, na tuanze na kinachonunuliwa sana: woka, kile kigari cha magurudumu chenye kiti cha kitambaa katikati na meza ya midoli mbele. Hatumshauri mzazi yeyote akinunue, na kwa mzazi wa njiti tunasema wazi kwamba ndicho kifaa kibaya kuliko vyote tulivyovipitia. Kanada ilipiga marufuku kuuzwa na kuingizwa kwa woka mwaka 2004. Sababu inayotajwa zaidi ni ajali: mtoto aliye ndani ya woka anaweza kusogea karibu mita moja kwa sekunde moja, na katika nyumba ambayo jiko la mkaa liko chini, sufuria ya maharage inachemka, na mlango wa nyuma una ngazi mbili za saruji, mama hana muda wa kumuwahi.

Lakini kwa njiti kuna jambo jingine lisiloonekana. Wiki za mwisho tumboni nafasi huwa finyu, mtoto hukaa amejikunja: magoti tumboni, mikono kifuani, kidevu chini. Mkunjo huo humpa nguvu za misuli ya mbele, ile ya kuinua kichwa, kuleta mikono pamoja na kukunja nyonga. Njiti anazikosa wiki hizo. Amelazwa kwenye godoro akiwa mnyoofu, mvutano wa dunia unambana, na misuli ya mgongo na ya nyuma ya miguu inatangulia kuliko ya mbele. Ndiyo maana njiti wengi hurudisha mabega nyuma, hutupa kichwa nyuma, na ukiwasimamisha mapajani hukaza miguu na kuchuchumia kwa ncha za vidole. Bibi akiona hivyo hufurahi: "Huyu ana nguvu, anataka kutembea!" Si nguvu ya kutembea. Ni mkazo usio na uwiano, na woka inaulisha mkazo huohuo. Mtoto ananing'inia, uzito wake unabebwa na kitambaa cha kiti, nyayo hazigusi sakafu sawasawa, anasukuma kwa vidole, na tumbo na nyonga hazifanyi kazi yoyote. Kila nusu saa ndani ya woka ni nusu saa ambayo hakuwa chini akijifunza kugeuka. Kile cha kuning'iniza mlangoni ili mtoto arukeruke kina kasoro hiyohiyo, tena kwa njiti ni kibaya zaidi.

Kiti cha sponji, kile cha kipande kimoja chenye matundu mawili ya miguu, ni suala la kiasi. Kinashika nyonga kwa nguvu na kuinua magoti juu, hivyo mtoto anaonekana amekaa ilhali kiti ndicho kinachomkalisha. Kukaa kunajifunzwa kwa kuyumba: mtoto anainama kidogo upande mmoja, misuli ya ubavu inashtuka, anajirudisha, au anatanguliza mkono. Ndani ya kiti hicho hayumbi, kwa hiyo hajifunzi. Kwa njiti mdogo ambaye shingo haijakaza, kuna hatari ya kidevu kuangukia kifuani na njia ya hewa kubanwa. Kama umeshakinunua au umepewa zawadi, kitumie tu shingo ikiwa imekaza kabisa, dakika 10 hadi 15, ukiwa mbele yake unamlisha au unaongea naye, na kisiwekwe juu ya meza au kitanda hata mara moja, kwa sababu mtoto akijitupa nyuma kinapinduka naye.

Beseni la plastiki linashinda kiti hicho, nasi tunalisema hilo bila kusita. Beseni pana, la kina kifupi, lililowekwa chini, ndani yake umezungusha kanga au taulo iliyoviringishwa kwa kufuata nyonga tu, si mpaka kwapani. Sehemu ya juu ya mwili inabaki huru kuyumba, na akianguka anaangukia taulo. Kosa la kawaida ni kumjazia mito mpaka kifuani, na hapo unakuwa umetengeneza kiti cha sponji kwa mikono yako. Muda ni uleule, dakika chache mara kadhaa kwa siku, na mzazi awepo. Anza pale tu mtoto anapoweza kushika kichwa wima ukimkalisha mapajani.

Kifaa tunachokipa alama ya juu kabisa ni mkeka. Sakafu ya saruji ya Mbeya mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi kweli, na Makete au Njombe ni zaidi, kwa hiyo mkeka peke yake hautoshi. Panga hivi: mkeka wa ukindu au wa plastiki chini, juu yake blanketi zito lililokunjwa mara mbili, na juu kabisa kitenge kilichovutwa kikachomekwa pembeni ili kisijikunje. Pawe pagumu kiasi. Ukibonyeza kwa kiganja, pasizame. Godoro laini humfanya mtoto azame na kushindwa kupata mahali pa kujisukumia, na akiwa kifudifudi uso unaweza kufunikwa. Vile vipande vya sponji vya kuunganisha vyenye herufi na namba vinafaa kwa baridi, mradi uondoe herufi zinazochomoka, kwani mtoto akishaota meno huzing'ata vipande. Chagua kimoja, unuse. Kikiwa na harufu kali ya kemikali, kirudishe.

Juu ya mkeka huo ndipo kazi inapofanyika. Kulala kifudifudi akiwa macho huanza mapema, hata kabla umri uliorekebishwa haujafika mwezi mmoja, lakini kwa dozi ndogo: dakika 1 hadi 3, mara 4 au 5 kwa siku, nusu saa hivi baada ya kunyonya ili asicheue. Viringisha kanga iwe nene kiasi cha kifundo cha mkono wako, iweke chini ya kifua, kwapa zikiwa juu yake na mikono mbele. Ukiiweka chini ya tumbo, kichwa kinashuka na mtoto atalia. Wazazi wengi huhitimisha kwamba "mtoto wangu hapendi" wakati shida ni nguo imekaa vibaya kwa sentimita tano. Njiti asiyevumilia sakafu aanzie kifuani kwa mama aliyejiegemeza. Akilala usingizi, mgeuze chali, daima.

Usisahau kumlaza ubavu, na hili huachwa na wengi. Taulo iliyoviringishwa nyuma ya mgongo, magoti yamekunjwa, mikono inakutana mbele ya uso. Kwa njiti anayerudisha mabega nyuma, mkao huu unampa bure ule mkunjo alioukosa tumboni. Ni wa wakati yuko macho na wewe unamwangalia. Badilisha upande kila mara, maana fuvu la njiti ni laini na hubonyea haraka. Mito ya "kutengeneza kichwa" yenye shimo katikati inayouzwa kwa ajili hiyo usiinunue: kitandani kwa mtoto mchanga hakutakiwi mto wa aina yoyote.

Mbeleko nayo ina alama ya juu, ya kitenge na ya kisasa yenye mikanda, kwa masharti. Kwa njiti ambaye hajafika kilo 2.5, kubebwa ni kule kwa kangaruu: kifuani, ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, kofia na soksi, magoti yamekunjwa na mapaja yamepanuka, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo, ukingo wa juu wa kitambaa ukiishia chini ya sikio. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 8 hadi 24 kwa siku, kadiri inavyowezekana. Kitenge hakivutiki, kwa hiyo fundo likilegea mtoto anateleza na kujikunja shingo. Kitambaa cha kuvutika, hata fulana kubwa ya mtumba iliyokatwa ikawa mkanda mpana, hushika vizuri zaidi. Mkao huu unatoa joto, maziwa na ukuaji, na pia unakunja viungo vinavyotaka kunyooka. Katika baridi ya nyanda za juu ni bora mara mia kuliko kuingiza jiko la mkaa chumbani, ambalo moshi wake usioonekana umeshaua familia zikiwa usingizini.

Mbeleko ya mikanda ipime kwa mambo matatu kabla ya kulipa. Kitambaa cha kukalia kifike kutoka goti hadi goti. Kikiwa chembamba, miguu inaning'inia wima na nyonga hazikai vizuri. Uso wa mtoto uonekane bila kufunua kitu, na kati ya kidevu na kifua papite vidole viwili. Zile za kumgeuza mtoto atazame mbele ziache kwanza: zinamnyoosha mgongo, zinaning'iniza miguu, na kelele na mwanga wa soko lote vinamwingia usoni bila pa kujifichia. Kubebwa mgongoni kwa kitenge, kama wanavyobebwa watoto wote wa huku, ni kuzuri sana kwa nyonga. Kusubiri shingo ikaze, kati ya miezi 3 na 4 ya umri uliorekebishwa, ndilo sharti lenyewe.

Nguo za baridi zina madhara ambayo hakuna anayeyataja. Seti nyingi za watoto huuzwa na kofia, soksi na glovu za mikono. Kofia na soksi, sawa. Glovu zinamnyima njiti kitu anachokihitaji sana: kuleta mikono mdomoni na kushikana vidole, hatua ya miezi 3 hadi 4 ya umri uliorekebishwa. Mvalishe mkiwa nje asubuhi, ndani ya nyumba zivue, na kama hofu ni kucha, zikate. Jaketi nene la sponji nalo linamfanya mikono isimame pembeni asiweze kuikutanisha. Afadhali nguo nyembamba tatu kuliko moja nene. Viatu vigumu, hasa vile vya kupiga mlio kila hatua, havina kazi kwa anayejifunza kusimama. Peku ndani ya nyumba, au soksi zenye vidoti vya mpira chini, na nyayo zitajifunza sakafu.

Kwa vichezeo utaokoa hela nyingi. Mtoto wa wiki za mwanzo huona vizuri kwa sentimita 20 hadi 30, umbali wa kifua cha mama hadi uso wake, kwa hiyo kichezeo cha kwanza ni uso wako. Baada ya hapo, kadi nyeupe iliyochorwa mistari mizito myeusi inamtosha. Manyanga yenye mpini mwembamba kama sentimita moja ndiyo yanayoshikika na kiganja cha njiti. Mengi yaliyopo madukani yana mpini mnene mno na ni mazito, yanamwangukia usoni. Ya kujitengenezea: chupa ndogo ya plastiki, vijiko viwili vya mahindi makavu, kifuniko kifungwe kwa gundi kisha gundi ya karatasi izungushwe juu. Punje ikitoka na kuingia njia ya hewa huvimba, ndiyo sababu ya kufunga mara mbili. Chochote kinachopenya kwenye duara la sentimita 3 hadi 4 si cha mtoto.

Midoli ya kuwaka na kuimba tunaiweka pembeni kwa sababu mbili. Betri zake bapa zikimezwa huunguza koo ndani ya saa 2, na vifuniko vingi vya bei rahisi havina skrubu. Kisha njiti huchoka haraka na kelele: akianza kupiga miayo, kwikwi, kutanua vidole, kugeuza uso au kubadilika rangi, anakuambia imetosha. Mzazi asiyejua humtikisia kichezeo zaidi akidhani mtoto hajakiona.

Mizani za kuning'iniza zinazouzwa kwa wenye maduka ya mboga hazifai kumpimia mtoto kila siku. Nyingi zinasoma kwa gramu 100, na mtoto anayekua vizuri baada ya kufika muda wake huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mizani haiwezi kuliona ongezeko hilo, ila wasiwasi utauona. Kliniki, mara moja kwa wiki au kama ulivyopangiwa, inatosha.

Hakuna kifaa kati ya hivi kinachoweza kutibu dalili zifuatazo, na muuzaji asikudanganye. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5 anatakiwa kupimwa macho wiki 4 hadi 6 baada ya kuzaliwa, hasa kama aliwekewa oksijeni. Hilo halisubiri umri uliorekebishwa. Kwa umri uliorekebishwa, nenda kituo cha afya akifika miezi 3 bila kutabasamu wala kufuata uso kwa macho. Akiwa na miezi 4 na ngumi bado zimefumbwa muda wote na gumba ndani. Miguu ikikaza na kupishana kama mkasi wakati wa kubadilisha nepi. Akitumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka. Akifika miezi 9 bila kukaa, au akipoteza kitu alichokuwa ameshakiweza. Baadhi ya dalili hizi zinaweza kuwa za mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri misuli na mwendo, na ukitambuliwa mapema, mazoezi ya viungo huanza wakati ubongo bado unajijenga.

Ukienda, iwe hospitali ya rufaa au kituo cha jirani yako Tukuyu, Mbalizi au Mafinga, chukua kadi ya ujauzito, kadi ya mtoto na muhtasari wa kuruhusiwa wodini. Chukua na video ya simu. Kati ya wiki 9 na 20 baada ya tarehe ya matarajio, miondoko midogo ya mtoto aliyelala chali humwambia mtaalamu mengi. Mlaze juu ya mkeka ule ule, akiwa macho, ametulia na ameshiba, amevaa nepi na fulana nyepesi chumba kikiwa na joto. Toa vichezeo na chuchu ya plastiki, usimsemeshe. Simama upande wa miguuni, mwili wote uonekane mpaka vidole, na urekodi dakika 3 hadi 5 bila kukata. Akianza kulia, simamisha, urudie baadaye. Video ya mtoto anayelia haisomeki.